Fomu yangu yasema mtoto mzima, ya mwalimu yasema ADHD. Huchanganywa vipi?

BintiLangoni · Jumamosi, saa 3:12 usiku
Salaam aleikum wanabaraza. Nina swali, na nataka majibu ya waliopitia, si ya kunipoza moyo.

Kijana wangu ana miaka minane, yuko Gredi ya 3 hapa Lamu. Muhula uliopita mwalimu wake aliniita: hatulii, kazi haimalizi, anaropoka jibu kabla swali halijaisha, akiwekwa kwenye foleni anaruka wenzake. Tukaelekezwa kliniki moja ng'ambo, atazamwe kama ana hiyo ADHD, yaani shida ya umakini na kutotulia. Huko tukapewa fomu mbili. Yangu ina maswali 55, ya mwalimu 43. Kila tabia unaiwekea 0 mpaka 3, na kinachohesabiwa ni 2 na 3, yaani "mara nyingi" na "mara nyingi sana".

Kwenye yale maswali 9 ya umakini, mimi yangu yaliyohesabika ni 4. Ya mwalimu ni 7. Tuliyokubaliana ni 3 tu. Aliyetupokea akajumlisha 4 na 7, akagawa kwa mbili, akapata tano na nusu. Akasema "yuko mpakani", turudi baada ya miezi mitatu. Basi.

Kinachonitatiza ni hiki. Jumamosi mtoto huyu huenda Matondoni kwa babu yake anayekalafati vyombo. Leo nimemkuta amejikunja chini ya mashua, pamba iliyotiwa mafuta ameisokota kama uzi, anaishindilia kwenye mwanya wa mbao kwa chembeu na nyundo ndogo. Akimaliza mwanya anapitisha kidole, akikuta panapobonyea anarudia. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri, neno hasemi. Huyu ndiye asiyedumu na kazi?

Mwenye haki ni nani, mimi au mwalimu? Na ipo njia ya maana ya kuunganisha majibu yetu, au ndiyo hivyo, kujumlisha na kugawa?

Nahodha_Shela · saa 3:40 usiku
Dada, mtoto wa kiume wa miaka minane asiyetulia ni mtoto wa kiume wa miaka minane. Sisi tulikuwa hivyo wote. ADHD haikuwepo, bakora ilikuwepo.

Na huyo mzee wa Matondoni yuko na nafasi mwezi huu? Mashua yangu yavuja kwa nyuma.

Mwalimu_Msabaha · saa 4:05 usiku
Nahodha, bakora imepigwa marufuku kwa sheria ya elimu ya msingi ya 2013, tusiirudishe hapa. Na waliokuwa "hivyo wote" wengine waliacha shule darasa la nne, hatuwahesabu kwa kuwa hawako barazani kuandika.

Bi Langoni, nimefundisha miaka 19, sasa niko upande wa Malindi. Nakuambia kwa heshima: usimchukulie mwalimu kama shahidi wa upande wa pili. Nyumbani kwako una watoto wangapi, watatu, wanne? Mimi nina 64 kwenye chumba kimoja na kipindi cha dakika 30. Ukijibu "mara nyingi" unampima na ndugu zake. Mimi nikijibu nampima na rika lake lote lililo mbele yangu. Mtoto ni yule yule, mizani ndiyo mbili.

Halafu shule inadai vitu ambavyo nyumba haidai: kukaa, kunakili ubaoni, kungoja zamu, kuacha kitu katikati ukaanza kingine kwa kengele. Chini ya mashua hakuna kengele.

MtuWaBara · saa 4:22 usiku
Nimesoma kuhusu haya kwa sababu ya mpwa wangu. Kanuni ni rahisi: lazima dalili 6 nyumbani NA dalili 6 shuleni, na zianze kabla ya miaka 7. Wewe una 4, kwa hiyo mtoto hana. Lala salama.

Saikolojia_Pwani · saa 5:10 usiku
Kaka MtuWaBara, hapo pote umeteleza. Miaka 7 ilikuwa kwenye kitabu cha vigezo cha Wamarekani cha 1994. Toleo la 2013, DSM-5, lilisogeza mpaka miaka 12. Na hakisemi 6 kila mahali. Kinasema 6 au zaidi katika kundi moja, la umakini au la mapepe na pupa, zidumu angalau miezi 6, kisha dalili *kadhaa* zionekane katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamharibia maisha kweli. "Kadhaa" si sita.

Sasa swali la dada. Kuna njia tatu kubwa, na kwa tarakimu zako kila moja inatoa jibu lake:

Njia ya AU. Dalili inahesabika ikisemwa na yeyote kati yenu. 4 na 7, toa 3 zilizojirudia, unapata 8. Amevuka 6.

Njia ya NA. Inahesabika mkiisema wote wawili. Unapata 3. Hajafika.

Wastani. 5.5. Mpakani.

Mtoto mmoja, siku moja, karatasi zile zile. Ndiyo maana wastani naupenda kidogo kuliko zote: unachukua habari mbili tofauti na kuzisaga ziwe uji. AU inanasa wengi, pamoja na wasiohusika. NA inawaacha wenye shida ambao nyumba zao zimewabeba vizuri. Watafiti wengi hutumia AU katika kuhesabu dalili, kisha wanauliza kivyake kama kuna dalili kadhaa na madhara kila upande.

Tena msishangae kutokubaliana. Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 mwaka 1987: uwiano kati ya mzazi na mwalimu ulikuwa karibu 0.27, ambapo 1 ni kwenda sambamba kabisa na 0 ni kutohusiana. Watu wanaomwona mtoto mahali pamoja, kama baba na mama, walifikia karibu 0.60. Yaani kutofautiana na mwalimu ndiyo kawaida.

Fomu ulizotaja, 55 na 43, zaitwa Vanderbilt, ni za kutazamia ADHD. Dada, angalia sehemu ya mwisho: kusoma, kuandika, hesabu, kuishi na wenzake. Huko alama ni 1 mpaka 5, na 4 na 5 ndizo zenye tatizo. Mwalimu aliandika ngapi?

BintiLangoni · saa 5:31 usiku
Kuandika 5. Hesabu 3. Wenzake 4. Ahsante sana, hilo hakuna aliyenieleza.

MtuWaBara · saa 5:33 usiku
Nimekubali kusahihishwa. Ila nauliza: kijana amezaliwa mwezi gani?

BintiLangoni · saa 5:36 usiku
Novemba. Kwani?

MtuWaBara · saa 5:50 usiku
Hapa sitelezi. Huko Kanada, jimbo la British Columbia, walitazama watoto zaidi ya 930,000, matokeo yakatoka 2012. Kule mwaka wa kuingia shule unakatwa 31 Desemba. Wavulana wa Desemba, wadogo kabisa darasani, walipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari. Wasichana asilimia 70 zaidi. Huwezi kuniambia ubongo unajua kalenda. Mwalimu analinganisha mtoto na wakubwa wake. Mwanao wa Novemba anakaa dawati moja na wa Januari, hiyo ni karibu mwaka mzima, na kwa miaka minane mwaka ni mwingi.

Mwalimu_Msabaha · saa 5:58 usiku
Hilo ni kweli na linaniuma, sijawahi kutazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya kujaza fomu. Lakini kwetu Pwani Gredi ya 3 utakuta wa miaka saba na wa kumi na mmoja pamoja, wengine wameingia wamechelewa. Sijui kama hesabu ya Kanada inakaa hapa kama ilivyo.

MamaMapacha · Jumapili, saa 1:20 asubuhi
Nimeamka nimekuta uzi umeruka. Mimi yangu ilikuwa kinyume.

Nina mapacha, mvulana na msichana. Mvulana alikuwa anapanda madirisha, mwalimu akamjazia fomu haraka. Msichana alikaa kimya nyuma, daftari safi, akiangalia ubao. Mwalimu alimpa sifuri tupu. Mimi nilimpa 7 kati ya 9. Nikaambiwa "mama una wasiwasi". Nyumbani nilikuwa namtuma dukani chumvi na mchele, anarudi na chumvi, au anarudi bila chochote na pesa ameshika. Anaanza kuosha vyombo, nakuta maji yanamwagika yeye ametulia anatazama povu. Hakuwa mkaidi hata siku moja. Ndiyo maana hakuonekana: hakumsumbua mtu.

Kwa hiyo nikisikia "lazima wote wawili waseme", nakumbuka kwamba kwa kanuni hiyo binti yangu angebaki nyuma mpaka leo.

Saikolojia_Pwani · saa 2:02 asubuhi
Na upande wa pili wa hilo, Mama Mapacha: mtoto mkaidi au mjibishi, mwalimu humpandishia alama za kutotulia hata pale ambapo hakutembea. Tabia moja inatia rangi nyingine zote. Limeonekana katika tafiti, na si kwa sababu walimu ni wabaya. Ukichoshwa na mtu, kila kitu chake unakihesabu.

BabuBaraza · saa 2:45 asubuhi
Mwanangu, mtoto mtazame kwa mato yako wewe, si kwa karatasi. Zamani tulisema ana mapepe, bibi akamwandikia kombe, aya kwa zafarani, akanywa, akatulia. Yeo mambo yote fomu.

MtuWaBara · saa 2:51 asubuhi
Babu, "mato"?

Nahodha_Shela · saa 2:53 asubuhi
Macho, ndugu. Umekaa Malindi miaka sita hujapata hilo? Ukija Lamu utaambiwa "ndoo" ukatafute ndoo ya maji, kumbe unaitwa.

Nesi_Mtwana · saa 3:30 asubuhi
Ndoo na mato tumezielewa, turudi kwa mtoto. Kabla ya AU, NA na wastani, nauliza mambo ambayo sijaona mtu ameyagusa.

Masikio yamepimwa? Watoto wetu wanaogelea kila siku, sikio linatoka usaha wiki mbili, linapona, linarudi. Mtoto asiyesikia vizuri darasani anaonekana hasikilizi, na asiyeelewa swali anaropoka. Nyumbani unamwambia jambo akiwa hatua mbili kutoka kwako, anasikia. Hapo fomu zenu zingetofautiana hivi hivi.

Analalaje? Anakoroma, mdomo wazi? Mafindo yakiziba njia ya hewa mtoto halali vizuri, na mtoto aliyechoka hasinzii kama mtu mzima, anakuwa na fujo.

Anazubaa ghafla sekunde chache, macho yameganda, kisha anaendelea kama hakuna kitu? Kipo kifafa cha namna hiyo, hakuna kuanguka.

Amewahi kulazwa kwa malaria kali, ya kupoteza fahamu? Pale Kilifi watafiti wa KEMRI na Wellcome wamefuatilia kwa miaka watoto waliopona malaria ya kichwani, na baadhi hubaki na shida ya kumbukumbu, lugha, umakini, hata kifafa.

Babu Baraza, kombe sigombani nalo. Ila masikio yapimwe pia.

BabuBaraza · saa 3:41 asubuhi
Hapo umenena, mwanangu nesi.

Ustadhi_wa_Chuo · saa 4:15 asubuhi
Nimesoma yote. Mnazungumza mzazi na mwalimu wa shule kana kwamba mtoto wa Lamu ana sehemu mbili. Ana tatu. Sisi wa chuoni, chuo cha Kurani, tunaye kila siku, na sijawahi kuona fomu inayotuuliza.

Chuoni kwangu watoto 30 wanasoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, wanayumba mbele na nyuma. Kuyumba si kosa, ndivyo watu wanavyosoma. Sauti si kosa. Kisha kila mmoja anakuja mbele yangu peke yake, namsikiliza yeye tu kwa dakika zake, namrekebisha papo hapo. Nimekuwa na watoto ambao shule imewakatia tamaa, kwangu wamehifadhi juzuu nzima.

Sasa, je, hao hawana tatizo? Au mpangilio wangu umelificha? Kwa kweli sijui niseme lipi. Lakini nikijaza fomu yenu nitaandika sifuri kwenye "hachezi kimya", kwa sababu kwangu hakuna aliye kimya.

Mwalimu_Msabaha · saa 4:29 asubuhi
Ustadhi, umenifanya nisimame kidogo. Dakika za mtoto mmoja mmoja, mimi nikizigawa kwa 64 ndani ya nusu saa hazifiki hata moja.

BintiLangoni · saa 9:15 alasiri
Nimetoa nakala yangu nikaisoma upya baada ya maneno ya Ustadhi. Jamani. Maswali yale nilitafsiriwa kwa mdomo, haraka haraka, na sasa naona nilijibu mengine nisiyoulizwa.

Liko la mtoto kutoka kitini wakati anapotakiwa kukaa. Niliandika 0. Sisi nyumbani twakaa mkekani, na jioni barazani. Kiti kipi atoke?

Liko la kwenda "kama anaendeshwa na mota". Mimi wa Lamu nikisikia mota naiona ile ya nyuma ya boti. Nikafikiri naulizwa kama anaunguruma, nikaweka 0.

Liko la kuchezacheza kwa mikono na miguu. Nikaelewa kucheza. Nikaweka 1, kwa kuwa mtoto gani hachezi?

Haya ni ya kundi la mapepe, si yale 9 ya umakini. Lakini kama kwa haya nimekosea, yale nayo nimeyaelewa?

Saikolojia_Pwani · saa 9:48 alasiri
Dada, umegusa penye jipu. Ipo fomu fupi iliyotafsiriwa Kiswahili rasmi, SDQ ya Goodman, maswali 25, ina ya mzazi na ya mwalimu. Haitoshi peke yake kumpa mtoto jina, ila angalau wote wawili mtasoma lugha moja. Tena mwambie mpimaji asikupe karatasi tu. Akuulize: "Mara ya mwisho lini? Ilikuwaje? Wewe ulifanya nini?" Hiyo ya tatu ndiyo muhimu.

MtuWaBara · saa 10:02 jioni
Mimi bado nasema mmoja wenu ndiye mkweli. Kitu hakiwezi kuwepo shuleni kisiwepo nyumbani. Sukari ikipanda imepanda, uwe kitandani au sokoni.

MamaMapacha · saa 10:20 jioni
Pumu je? Kwenye vumbi inabana, baharini inaachia, na mgonjwa ni yule yule.

Nahodha_Shela · saa 10:31 jioni
Nilisema neno la bakora jana usiku, naliondoa. Nimewaza usiku kucha juu ya ndugu yangu mdogo. Alichapwa mpaka akatoroka shule, akawa anakwenda na jahazi. Baharini hakuna aliyemshinda kwa kuona upepo unageuka. Nchi kavu mpaka leo hawezi kujaza karatasi ya leseni bila mke wake. Nani angemjazia ile fomu, mwalimu au mimi? Na nani angekuwa amekosea?

Nesi_Mtwana · saa 11:05 jioni
Pole kaka. Na kwa wanaouliza, kuna vituo vya tathmini ya elimu vya serikali, EARC, vimekuwepo tangu miaka ya 80. Ulizieni cha kaunti yenu, shule inaweza kuwaandikia barua.

BintiLangoni · wiki mbili baadaye, saa 2:40 usiku
Nimerudi, samahani kwa kukawia.

Sikio la kushoto limekutwa na usaha wa siku nyingi. Anatibiwa, atapimwa usikivu likikauka. Mwalimu amemleta mbele, upande wa sikio zuri. Anasema kuropoka kumepungua, kuandika bado ni kule kule.

Kisha nikafanya jambo nililowaza kwa swali la Saikolojia, "wewe ulifanya nini". Jumatatu asubuhi nikahesabu kwa vidole maneno niliyomwambia tangu aamke mpaka mlangoni. Vaa shati. Shati. Kifungo cha juu. Kiatu kiko wapi. Kile kingine. Umekunywa chai? Kaa umalize. Daftari. Si hilo. Mkoba. Funga mkoba. Kumi na moja, na dada yake mdogo sikumwambia hata moja. Sikuwahi kujua kama nafanya hivyo. Fomu iliuliza kama husahau vitu, nikaandika 0, maana hajawahi kufika shule bila daftari. Hajawahi kwa sababu yangu mimi.

Nimempelekea mwalimu hesabu hiyo. Hakunicheka. Akaniambia naye amekaa na fomu yake upya, baadhi ya alama alizitoa siku ambayo mtoto alimjibu vibaya, na angependa kuzitazama tena asubuhi moja na baada ya mapumziko moja, kando kando.

Mwalimu_Msabaha · saa 2:55 usiku
Huyo mwalimu mwenzangu nampa mkono.

MtuWaBara · saa 3:01 usiku
Kwa hiyo ni sikio?

Nesi_Mtwana · saa 3:04 usiku
Sikio halisahau kiatu, kaka. Linaweza kuwa sikio, linaweza kuwa vyote viwili. Ngojeni likauke.

Ustadhi_wa_Chuo · saa 3:20 usiku
Na kule chini ya mashua? Hapo hakuna wa kumkumbusha kitu.

Saikolojia_Pwani · saa 3:26 usiku
Au yuko wa kumkumbusha na hatujamuuliza. Watoto wenye ADHD wengi hutulia kabisa kwenye wanachokipenda, kwa hiyo Matondoni peke yake haikati neno upande wowote. Lakini babu hukaa naye pale saa nyingi kuliko mtu yeyote. Dada, yeye anasemaje?

BintiLangoni · saa 3:41 usiku
Anasema hana kitu. Ila sijamuuliza swali kwa swali. Jumamosi nakwenda na fomu, nitamsomea mimi, mkekani, na nitaandika atakalosema bila kulipindisha. Nahodha, na salamu zako za mashua nitazifikisha.

Nahodha_Shela · saa 3:43 usiku
Mwambie yavuja kwa nyuma, upande wa kulia. Na kama kijana ataruhusiwa, ule mwanya aushike yeye.